Jedwali, nguzo, mstari au duara: uanze na ipi kwenye mtihani wa kupima uwezo?

Sehemu ya kusoma takwimu haipimi hesabu ngumu, iwe ni usaili wa mchujo wa serikalini, mtihani wa benki au ule unaotumiwa kwa kompyuta ukaufanyie nyumbani. Ni kujumlisha, kutoa, asilimia, uwiano na wastani, basi. Aliyemaliza kidato cha nne ameshapita huko kote. Hata hivyo ndiyo sehemu ambayo muda unamwishia mtu akiwa bado na maswali mkononi, na mara nyingi ni kwa sababu anaisoma grafu ya duara kama anavyosoma jedwali, na grafu ya mstari kama anavyosoma ya nguzo. Kila umbo lina jambo linaloliweka peupe na jambo linalolifunika. Ukishajua lipi ni lipi, unajua pa kuanzia, unajua mbinu ya kutumia, na unalitambua lile jibu lililowekwa pale kwa ajili ya kumnasa mwenye haraka.

Nitayalinganisha maumbo hayo manne kwa takwimu zilezile, za Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania ya 2012 na ya 2022. Nimezichagua kwa sababu ni za kweli, ziko wazi kwa kila mtu, na zina mambo ambayo jicho peke yake halitayaona. Namba zote ni za milioni, zimekadiriwa.

| Mkoa | 2012 | 2022 |
|---|---|---|
| Dar es Salaam | 4.36 | 5.38 |
| Mwanza | 2.77 | 3.70 |
| Tabora | 2.29 | 3.39 |
| Geita | 1.74 | 2.98 |
| Kilimanjaro | 1.64 | 1.86 |
| Tanzania nzima | 44.9 | 61.7 |

Jedwali: namba zote zipo, kazi yote ni yako

Uzuri wa jedwali ni kwamba halikuachii la kukisia. Hupimi urefu wa nguzo kwa jicho, hujiulizi kama nukta iko kwenye 40 au 42. Ubaya wake ni kwamba halikuonyeshi lolote. Nani kapanda kwa kasi, nani kabaki nyuma, hayo utayatoa mwenyewe kwa hesabu.

Chukua swali la kawaida kabisa: mkoa upi kati ya hii mitano uliongeza watu wengi zaidi? Jicho linakimbilia Dar es Salaam kwa sababu namba zake ndizo kubwa. Toa mstari kwa mstari uone: Dar es Salaam 1.02, Mwanza 0.93, Tabora 1.10, Geita 1.24, Kilimanjaro 0.22. Geita, iliyoanza ikiwa na watu pungufu ya nusu ya Dar es Salaam, ndiyo iliyoongeza wengi. Na Tabora pia imeipita Dar.

Sasa swali likibadilika kidogo tu, likauliza ongezeko kwa asilimia, mpangilio unabadilika tena. Dar es Salaam ni asilimia 23 hivi, Mwanza 33, Tabora 48, Geita 71, Kilimanjaro 13. Hapa ndipo watungaji wa mitihani wanapopenda kutega. Kwa Geita, hesabu sahihi ni 1.24 kugawa kwa 1.74, yaani ongezeko juu ya idadi ya mwanzo. Mwenye haraka anagawa kwa 2.98, kwa kuwa ndiyo namba ya mwisho aliyoiangalia, na anapata asilimia 42. Nakuhakikishia 42 itakuwemo kwenye machaguo, imekaa vizuri kabisa, inamsubiri. Kabla ya kugawa chochote, jiulize: asilimia ya nini? Maneno "kutoka", "ikilinganishwa na" na "ya jumla ya" ndiyo yanayokuambia namba ipi iende chini.

Mtego wa pili wa jedwali uko kwenye mstari wa mwisho. "Tanzania nzima" si jumla ya mikoa mitano iliyotajwa. Mikoa hii mitano ina watu milioni 17.31 kwa sensa ya 2022. Swali likiuliza Dar es Salaam ni asilimia ngapi ya watu wa mikoa iliyo kwenye jedwali, jibu ni 31. Likiuliza ni asilimia ngapi ya watu wa nchi, jibu ni 8.7. Majibu yote mawili ni ya hesabu sahihi, ila ni ya maswali mawili tofauti.

Kwa hiyo jedwali lichague mapema pale swali linapotaja moja kwa moja mstari na safu: "Tabora mwaka 2022", "tofauti kati ya Mwanza na Geita". Hayo ni maswali ya nusu dakika. Liache kwanza pale swali linapotaka upange mistari kumi na miwili kutoka kubwa hadi ndogo kwa kigezo ambacho hakimo kwenye jedwali lenyewe, maana hapo lazima ufanye hesabu kumi na mbili kabla ya kujibu. Kwenye karatasi, funika kwa rula safu usizozihitaji. Kwenye kompyuta huwezi kufunika, basi andika pembeni zile namba mbili au tatu tu zinazokuhusu, halafu acha kabisa kuangalia skrini mpaka umalize hesabu.

Nguzo na mstari: ndugu wawili wanaofanana sura

Grafu ya nguzo ndiyo rafiki wa maswali ya "ipi zaidi". Unaona nguzo ndefu, umejibu. Kama juu ya kila nguzo imeandikwa namba, mimi ningeanza nayo kuliko umbo jingine lolote, kwa sababu unapata picha ya grafu na usahihi wa jedwali kwa pamoja.

Lakini kabla hujaamini urefu wa nguzo, shuka chini uangalie mstari wa wima unaanzia wapi. Benki Kuu ya Tanzania ilipandisha riba yake kutoka asilimia 5.5 hadi 6 mwezi Aprili 2024, ikaishusha hadi 5.75 Julai 2025. Chora nguzo mbili, moja ya 6 na moja ya 5.75, ukianzia sifuri, na utaona karibu zimelingana. Chora hizohizo ukianzia 5.5: ya kwanza inakuwa na urefu wa 0.5, ya pili 0.25. Macho yanakuambia riba imekatwa nusu. Namba hazijabadilika hata kidogo. Nguzo zinasomwa kwa urefu, kwa hiyo mwanzo wake ukikatwa, ulinganisho wa jicho umeharibika na inabidi usome namba zilizoandikwa pembeni.

Na kwa kuwa tumegusa riba: kushuka kutoka 6 hadi 5.75 ni kushuka kwa pointi 0.25 za asilimia, lakini ni punguzo la asilimia 4.2 hivi ukilinganisha na ilikotoka. Mtihani ukiuliza "riba imepungua kwa asilimia ngapi ya kiwango cha awali", unataka 4.2. Ukiuliza tofauti ya viwango viwili, unataka 0.25. Mtu anayeomba kazi benki asiende kwenye usaili bila kulitofautisha hili kichwani.

Nguzo za vipande, zile zenye rangi mbili au tatu zilizopandana, ni habari nyingine. Sensa ya 2022 ilihesabu wanaume milioni 30.05 na wanawake milioni 31.69. Ukiweka wanaume chini na wanawake juu yao, kichwa cha nguzo kitafika 61.7. Kipande cha chini kinasomeka moja kwa moja. Cha juu hakisomeki hivyo: lazima uchukue 61.7 utoe 30.05. Asiyetoa anaandika kwamba wanawake ni milioni 61.7. Kila kipande kisichogusa mstari wa chini kinadai kutoa, kwa hiyo kinadai muda zaidi. Hizi ningezisogeza baadaye.

Sasa mstari. Watu wengi wanauona mstari kuwa ni nguzo zilizounganishwa vichwa, na hapo ndipo wanapopoteza alama. Angalia idadi ya watu wa Tanzania katika sensa sita, kwa milioni: 12.3 mwaka 1967, 17.5 mwaka 1978, 23.1 mwaka 1988, 34.4 mwaka 2002, 44.9 mwaka 2012 na 61.7 mwaka 2022.

Ukizichora kwa nguzo, kwa kawaida nafasi kati ya nguzo na nguzo huwa sawa. Utaona hatua ya kutoka 1988 hadi 2002 ni ndefu, watu milioni 11.3, na hatua ya kutoka 2002 hadi 2012 ni fupi kidogo, milioni 10.5. Unaweza kuandika kwamba kasi ya ongezeko ilipungua baada ya 2002. Rudi usome miaka. Kutoka 1988 hadi 2002 ni miaka 14. Kutoka 2002 hadi 2012 ni 10. Kwa mwaka mmoja, kipindi cha kwanza kinatoa watu milioni 0.81 na cha pili milioni 1.05. Ongezeko la kila mwaka lilikuwa kubwa zaidi baada ya 2002, kinyume kabisa na picha ya nguzo.

Grafu ya mstari iliyochorwa vizuri, yenye miaka iliyopangwa kwa nafasi zake halisi, ingekuokoa hapo: mwinuko wa 2002 hadi 2012 ungekuwa mkali kuliko ule wa kabla yake, na wa 2012 hadi 2022 mkali kuliko yote, milioni 1.68 kwa mwaka. Kwa maswali ya kasi, mwelekeo, kipindi kipi kilipanda zaidi, mstari ni bora kuliko nguzo, mradi umehakikisha nafasi za miaka ziko sawasawa. Kama mchoraji ameweka 1988, 2002 na 2012 kwa nafasi zilizolingana, mstari nao unadanganya kama nguzo.

Mstari pia unakuruhusu kusoma katikati ya nukta. Swali linaweza kusema: kadiria idadi ya watu mwaka 1995. Hakukuwa na sensa mwaka huo, lakini mstari unapita hapo, na mtihani unataka usome mstari: 23.1 ukijumlisha miaka saba ya 0.81, unapata karibu milioni 28.8. Kwenye nguzo swali kama hilo halina pa kushikia.

Jambo moja zaidi kuhusu kasi, kwa sababu linajirudia sana. Kutoka 44.9 hadi 61.7 ni ongezeko la asilimia 37 kwa miaka kumi. Ukigawa kwa kumi unapata 3.7 kwa mwaka. Kiwango rasmi kilichotangazwa ni asilimia 3.2. Si kosa la serikali. Watu walioongezeka mwaka wa kwanza nao wanaingia kwenye hesabu ya mwaka wa pili, kama riba inayozaa riba. Swali likiuliza "wastani wa watu walioongezeka kwa mwaka", gawa kwa kumi bila wasiwasi: milioni 1.68. Likiuliza "kiwango cha ukuaji kwa mwaka", usigawe kwa kumi. Tazama machaguo, na lile lililo chini kidogo ya 3.7 ndilo linaloelekea kuwa sahihi.

Duara: umbo jepesi kwa macho na zito kwa maana

Grafu ya duara ndiyo inayopendwa na wengi, na ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa niaba ya watahiniwa. Inaonyesha jambo moja tu, fungu la kila mmoja katika jumla. Jumla yenyewe haionyeshi kabisa isipokuwa imeandikwa pembeni.

Chora maduara mawili ya watu wa Tanzania, la 2012 na la 2022, upake rangi kipande cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 kipande hicho ni asilimia 9.7, nyuzi 35. Mwaka 2022 ni asilimia 8.7, nyuzi 31 na kidogo. Kipande kimepungua. Je, watu wa Dar es Salaam wamepungua? Wameongezeka kwa zaidi ya milioni moja. Kipande kimepungua kwa sababu nchi nzima imekua haraka kuliko mkoa huo.

Ukiwekewa maduara hayo mawili bila jumla, na kauli isemayo "idadi ya watu wa Dar es Salaam ilipungua kati ya 2012 na 2022", jibu si "kweli", na kwa taarifa ulizopewa huwezi hata kusema "si kweli". Jibu ni "taarifa hazitoshi". Wewe unaweza kuwa unaijua sensa kwa moyo, lakini mtihani unapima kilicho mbele yako tu. Machaguo ya "haiwezi kujulikana" yapo kwenye mitihani mingi ya kampuni, na mengi yake yanatokana na grafu za duara zisizo na jumla.

Kuna njia ya mkato nzuri sana inayounganisha jedwali na duara. Nchi imekua kwa asilimia 37. Mkoa wowote uliokua zaidi ya hapo, kipande chake kimeongezeka. Uliokua chini ya hapo, kipande chake kimepungua. Tabora, 48, na Geita, 71, vipande vyao vimekua. Dar es Salaam, 23, na Kilimanjaro, 13, vimepungua. Mwanza ndiyo ya kuvutia: imeongeza theluthi nzima ya watu, mtu angedhani kipande chake kimepanuka, lakini 33 iko chini ya 37, hivyo fungu lake limeshuka kidogo, kutoka asilimia 6.2 hadi 6.0. Swali linalouliza mikoa ipi iliongeza fungu lake katika taifa unalijibu kwa kulinganisha asilimia za ukuaji, bila kupiga hesabu ya fungu hata moja.

Duara moja lenye jumla iliyoandikwa ni rahisi, lichukue mapema. Ukipewa nyuzi, tafuta kwanza nyuzi moja ni watu wangapi: milioni 61.7 kwa 360 ni karibu watu 171,000. Baada ya hapo kila swali ni kuzidisha tu. Maduara mawili yenye jumla tofauti yaweke mwisho, na kabla ya kujibu andika jumla zote mbili kwa herufi kubwa kwenye karatasi yako ya kazi.

Kukadiria au kupiga hesabu kamili?

Huu ni uamuzi wa pili, na unautoa kwa kutazama machaguo kabla ya kutazama hesabu. Machaguo yakiwa 13, 23, 33 na 48, kadiria. Yakiwa 22.9, 23.1, 23.4 na 23.8, piga hesabu yote.

Kukadiria si kubahatisha. Ongezeko la Dar es Salaam ni 1.02 juu ya 4.36. Asilimia 10 ya 4.36 ni 0.436. Asilimia 20 ni 0.872. Imebaki 0.148, ambayo ni karibu theluthi ya ile asilimia 10, yaani tatu na kitu. Jumla 23 na kitu. Kwa Tabora, 1.10 juu ya 2.29: nusu ya 2.29 ni 1.145, kwa hiyo ni chini kidogo ya 50. Kwa Mwanza, 0.93 juu ya 2.77: theluthi ya 2.77 ni 0.92, kwa hiyo ni theluthi na chembe. Hesabu hizi tatu mtu aliyezoea anazifanya kichwani kabla mwenzake hajamaliza kubonyeza kikokotoo mara moja.

Kikokotoo kina faida yake, na mwenye nacho akitumie kwenye kugawa kwa desimali ndefu. Lakini kinamfanya mtu asahau kuuliza kama jibu lina maana. Aliyekadiria kwanza akapata "karibu nusu" hawezi kukubali 4.8 iliyotokana na nukta iliyowekwa pabaya.

Swali kwanza au mchoro kwanza?

Wapo wanaofundisha kwamba usome mchoro wote kwa utulivu ndipo uende kwenye maswali. Wengine wanasema nenda moja kwa moja kwenye swali. Mimi naona inategemea mchoro una maswali mangapi. Kama ni mmoja kwa swali moja, soma swali kwanza. Hakuna sababu ya kuielewa safu ambayo hutaulizwa. Kama mchoro mmoja una maswali matatu au manne, tumia sekunde ishirini hivi mwanzoni kusoma kichwa cha habari, vipimo na maandishi madogo ya chini, na usisome namba hata moja. Vipimo ndivyo vinavyoua: jedwali linaandika "kwa maelfu", swali linauliza kwa milioni, na majibu yanatofautiana kwa sifuri tatu tu.

Mtihani gani unakuruhusu kuchagua?

Ushauri wote wa "anza na hii, acha ile" una maana pale tu mtihani unapokuruhusu kuruka na kurudi. Kwenye karatasi unaruhusiwa daima. Kwenye mitihani ya kompyuta ya waajiri, soma maelekezo ya mwanzo kwa makini, kwa sababu mingine haikurudishi kwenye swali ulilopita.

Kwa wanaoomba shahada za uzamili nje, tofauti kati ya GRE na GMAT, mitihani miwili ya kuombea nafasi za masomo hayo, hapa ni kubwa. GRE ya sasa, iliyofupishwa Septemba 2023, ina maswali 27 ya hesabu kwa dakika 47 katika sehemu mbili, wastani wa dakika moja na sekunde 44 kwa swali. Maswali ya takwimu ni sehemu ndogo ya hayo, kikokotoo kipo kwenye skrini, na ndani ya sehemu moja unaweza kuruka na kurudi. GMAT ya sasa, iliyoanza Novemba 2023, ina sehemu nzima ya takwimu: maswali 20 kwa dakika 45, dakika mbili na robo kwa swali. Kikokotoo kinaruhusiwa kwenye sehemu hiyo peke yake. Huruki: lazima ujibu ndipo uendelee, ingawa ukimaliza na muda ukabaki unaweza kurudi kubadilisha majibu hadi matatu. Majedwali yake unaweza kuyapanga upya kwa safu unayotaka, hivyo ule ubaya wa jedwali nilioutaja juu unapungua sana. Kwa upande mwingine, swali lenye vipengele vitatu likikosewa kimoja, umekosa lote.

Kama wewe ni mwepesi wa kuchagua na kuacha, GRE itakufaa zaidi. Kama ni mtu wa kutulia na taarifa nyingi, ukapima kama zinatosha au hazitoshi, GMAT inakulipa kwa tabia hiyo. UCAT, inayotumiwa na vyuo vya udaktari vya Uingereza, ni kali kuliko zote mbili kwa muda: tangu 2025 sehemu yake ya hesabu ina maswali 36 kwa dakika 26, sekunde 43 kwa swali. Huko kukadiria ni lazima, na kuruka swali la nguzo za vipande bila huruma ni lazima pia.

Ujifunzie wapi?

Vitabu vya maswali na majibu vinavyouzwa, na vile vinavyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya usaili, vinakuzoesha mtindo wa machaguo na shinikizo la saa. Hilo ni jambo la maana na vina nafasi yake. Udhaifu wake ni kwamba namba zake nyingi ni za kubuni na zimenyooka mno: kila kitu kinagawanyika vizuri, kila duara lina asilimia 25 na 50. Takwimu halisi haziko hivyo. Machapisho ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mapitio ya uchumi ya kila mwezi ya Benki Kuu, na kwa wenzetu wa Kenya machapisho ya shirika lao la takwimu, yana majedwali marefu, maandishi madogo ya chini, na grafu zenye vipimo viwili, kimoja kushoto na kingine kulia. Hizo za vipimo viwili ndizo za kuzifanyia mazoezi hasa, kwa sababu mtu asiyewahi kuziona anasoma mstari kwa kipimo cha nguzo bila kujua.

Mwenye mwezi mzima afanye vyote, na aanze na takwimu halisi. Achukue jedwali la sensa la mkoa wake kwa wilaya, alichoree nguzo, kisha duara, kisha ajitungie maswali matano ambayo umbo moja linayajibu na jingine linashindwa. Mwenye siku mbili tu kabla ya usaili asihangaike na machapisho. Achukue kitabu cha maswali, aweke saa, na kwa kila swali aandike pembeni, kabla ya hesabu yoyote, mambo mawili: asilimia ya nini, na kipimo ni kipi.